Jibu la mwanasheria: Je, sheria inaweza kuilazimisha Serikali kuwaenzi waliopigana Vita vya Kagera?

Msomaji wa Kasulu, mkoani Kigoma, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa. Baba yake alichukuliwa katika mgambo mwishoni mwa mwaka 1978, akaenda vitani na kikosi chake, akarudi kijijini baada ya vita na kuendelea na migomba na maharage yake mpaka alipofariki mwaka jana. Wiki chache kabla ya msiba huo kijiji kilikuwa kimemzika sajenti mstaafu, na siku hiyo askari walifika, bendera ilitandazwa juu ya jeneza, tarumbeta ilipigwa na risasi zikalia hewani. Baba yake msomaji alizikwa na ndugu na majirani peke yao. Msomaji anauliza mambo mawili: je, wanaweza kumwomba mbunge wao apeleke bungeni sheria ya kuifanya heshima hiyo iwe ya lazima kwa kila aliyepigana, na ikishapitishwa, mwananchi wa kawaida atakuwa na njia gani ya kuidai?

Ndugu yangu, pole kwa msiba. Sheria ya namna hiyo inawezekana kutungwa, na zipo nchi zilizokwisha kuitunga. Hata hivyo nakutahadharisha mapema kwamba sheria nyingi zinazoitwa za lazima hulazimisha mambo machache kuliko jina lake linavyodai, na ulegevu huo kwa kawaida huwamo ndani ya maandishi yenyewe tangu siku muswada ulipoandikwa.

Tuanze na kitenzi, kwa sababu ndicho kinachotenganisha hiari na lazima. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, inaeleza kwamba pale sheria inapotumia neno la ruhusa katika kumpa mtu mamlaka, mtu huyo anaweza kuyatumia au kuyaacha kwa kadiri aonavyo. Na pale inapotumia neno la amri katika kumpa kazi, kazi hiyo haina budi kufanywa. Sheria zetu zilipokuwa zikitungwa kwa Kiingereza, kila moja ya maana hizo mbili ilikuwa na neno lake linalojulikana. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili, jambo ambalo nililifurahia, lakini Kiswahili kina mtego wake. Waandishi wa sheria huieleza amri kwa kiambishi cha wakati ujao: "Waziri ataandaa", "Mkuu wa Wilaya atatunza". Kwa sikio la mwanasheria hiyo ni amri. Kwa sikio la mtu wa kawaida ni ahadi tu, sawa na ile ya fundi anayesema atakuja kesho kumalizia paa, na wewe na mimi tunajua kesho ya fundi inavyokuwa. Ndiyo maana napendekeza kifungu chochote mtakachokipeleka kwa mbunge kisiridhike na "ata-" peke yake, bali kiseme waziwazi kwamba "itakuwa ni wajibu wa" fulani, na huyo fulani atajwe kwa cheo chake.

Mfano uko karibu, ndani ya Katiba yetu. Ibara ya 11 inasema kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu unaofaa wa kufanikisha, pamoja na mambo mengine, haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ukiisoma peke yake utadhani mzee wa vita ameshapata pa kushika. Ukirudi nyuma hadi ibara ya 7, fasili ya pili, utakuta kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama yoyote. Kwa hiyo "itaweka" iko pale, na mlango wa kuidai umefungwa kurasa chache kabla yake. Muswada wenu ukipewa kifungu cha aina hiyo, hata kama kimejificha mwishoni kabisa, hesabuni kwamba mmepewa risala na si sheria.

Sasa tutazame Marekani, kwa kuwa wamepita njia zote mbili, ile ya hiari na ile ya lazima. Sheria yao ya ulinzi ya mwaka 2008 ilimpa Waziri wa Ulinzi ruhusa ya kuendesha mpango wa kuadhimisha miaka 50 ya Vita vya Vietnam. Mpango huo uliendeshwa kweli, na wapiganaji wengi walikabidhiwa beji ndogo ya kuvaa kifuani. Lakini hakuna mpiganaji aliyeweza kwenda mahakamani kudai kwamba beji yake haijafika, kwa sababu aliyepewa ruhusa hashitakiwi kwa kutoitumia. Heshima za mazishi zilikuwa jambo jingine. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 1999 na kuanza kutumika Januari 2000 ilimwekea Waziri huyohuyo wajibu wa kuhakikisha kwamba, familia ikiomba, kila mpiganaji anayestahili anapata kikosi cha heshima mazishini. Kikosi hicho ni cha watu wasiopungua wawili, na angalau mmoja wao lazima atoke katika jeshi alilotumikia marehemu. Kazi yao imetajwa: kuikunja bendera ya taifa, kuikabidhi kwa familia, na wimbo wa tarumbeta wa kuagia upigwe.

Angalia jinsi wajibu huo ulivyo mdogo: watu wawili, bendera moja, wimbo mmoja. Hakuna gwaride wala mizinga. Hata hivyo udogo huo haukuzuia matatizo, kwani wapiganaji wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wakifariki kwa wingi kila siku na wapiga tarumbeta wa jeshi hawakutosha. Sheria ikaruhusu wimbo uliorekodiwa, na kuanzia mwaka 2003 ikakubaliwa tarumbeta yenye kifaa kidogo cha kutoa sauti ndani yake, ambapo askari huiweka mdomoni kana kwamba anaipuliza huku kifaa kikifanya kazi. Wengine wameliona hilo kuwa maigizo, na mimi mwenyewe lisingenipendeza msibani kwetu. Lakini ndivyo wajibu wa kisheria unavyofanya kazi: mtendaji akishajua kwamba hana ruhusa ya kukosa, hutafuta namna.

Hapo ndipo sheria ya kuiga tu ingetuangusha. Familia ya Marekani yaweza kusubiri siku kadhaa au zaidi ya wiki ili mipango ikamilike. Mtu wa Ujiji akifariki alfajiri, aghlabu Adhuhuri au Alasiri ya siku hiyohiyo yuko kaburini, na hakuna ndugu atakayekubali maiti acheleweshwe ili kumngoja askari aliyeko safarini. Kasulu na Buhigwe maziko huweza kungoja siku moja au mbili hadi watoto wafike kutoka Dar es Salaam au Mwanza. Sheria ikisema askari wahudhurie "mazishi" na kuishia hapo, itakuwa imemtenga mzee wa Ujiji bila kukusudia, na afisa atakuwa na jibu tayari: tulipopata taarifa mlikuwa mmeshazika. Wajibu lazima uendelee baada ya maziko, utekelezwe kaburini, kwenye hitma, au siku ya kuanua matanga, kwa tarehe inayochaguliwa na familia.

Suala gumu kuliko yote ni hili: mpiganaji ni nani, na atathibitishaje? Vita vilipoanza Oktoba 1978, jeshi lilipanuliwa kwa haraka hadi likapita watu 100,000, wakichanganyika wanajeshi wa kudumu, polisi, magereza, JKT na mgambo waliotoka mikoani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vilipokwisha wengi wa mgambo walirudi majumbani mwao. Mwanajeshi wa kudumu aliyetumikia hadi kustaafu ana namba ya jeshi, ana faili na ana pensheni. Kwa hiyo anapofariki yupo mtu anayejua kwamba amefariki. Mgambo aliyerudi kwenye shamba lake hana mnyororo huo. Nadhani hiyo ndiyo tofauti uliyoiona kati ya msiba wa sajenti na wa baba yako, na wala haihitaji kuwepo afisa aliyekusudia kumdharau mzee.

Nina jirani hapa Ng'ambo, Tabora, mzee wa zaidi ya miaka 70, ambaye kumbukumbu zake za vita ziko ndani ya mkebe wa majani ya chai. Alinifunulia siku moja barazani. Mlikuwa na picha ndogo ya vijana watano waliosimama mbele ya lori, kifungo kimoja cha shaba, na karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo mikunjo yake imeshakatika, hivi kwamba unapoitandaza unakuwa na vipande vinne na si kimoja. Mwaka 1979 unasomeka. Nusu ya muhuri inasomeka. Jina la kikosi lilikuwa juu ya mkunjo, nalo limekwenda na mchwa. Nilimsindikiza ofisi moja ya Serikali kuuliza kama jina lake laweza kuingizwa katika orodha yoyote, na kijana aliyetupokea, kwa adabu zote, alimwomba namba ya jeshi, akaiandika kwenye kompyuta, akasema haimo kwenye mfumo. Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa vitani kabla ya huo mfumo."

Kinasimuliwa kisa cha mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliobaki hai kati ya wale walioitumikia Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza mbele ya mlipaji. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walileta vipande vya sare, na wengi hawakuwa na kitu. Mlipaji akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani, na inasemwa kwamba hakuna aliyeshindwa, baada ya nusu karne. Sipendekezi mafagio. Ninachosema ni kwamba sheria makini hutambua kuwa karatasi huliwa na mchwa, kwa hiyo huruhusu ushahidi wa aina nyingine: kiapo mbele ya hakimu, ushahidi wa wapiganaji wawili wa kikosi kimoja, picha, barua ya wakati ule, uthibitisho wa serikali ya kijiji. Isipofanya hivyo, lazima hiyo ya kisheria itawahusu wale tu ambao tayari wana faili, yaani wale ambao hawakuihitaji sana hiyo sheria.

Tafsiri hiyo ya nani ni mpiganaji iamue pia kuhusu waliokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wetu 7 waliuawa Darfur Julai 2013, na wengine zaidi ya 10 waliuawa katika shambulio la Desemba 2017 mashariki mwa Kongo. Kwa maoni yangu waingizwe kwa kutajwa, pasibaki nafasi ya mtu kubishana baadaye kwamba walinda amani hawakuwa vitani.

Kuhusu mbunge wako, kuna kizuizi ambacho wapiga kura wengi hawakijui. Mbunge anaweza kupeleka muswada binafsi, lakini ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia muswada unaotaka fedha zitumike kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwasilishwe na Waziri. Muswada wa kuwapa wapiganaji posho, matibabu na mazishi, ukipelekwa na mbunge peke yake, utakwama hapo kabla haujasomwa. Njia iliyo wazi kwake ni hoja binafsi ya kuliomba Bunge lipitishe azimio la kuitaka Serikali ilete muswada. Azimio halifungi mtu kisheria, ila humlazimu Waziri kusimama na kujibu, na majibu yake huingia katika taarifa rasmi za Bunge.

Suala la fedha linadai uangalifu hata baada ya sheria kupita. Afrika Kusini ilitunga Sheria ya Wapiganaji wa Zamani mwaka 2011, ikiorodhesha mafao mengi, pensheni ikiwa mojawapo. Oktoba 2021, baada ya miaka kumi, kundi la wapiganaji hao waliokata tamaa liliwazuia mawaziri wawili wasitoke hotelini, wakitaka wasikilizwe, na polisi wakaingia kuwaokoa. Pensheni yenyewe haikuanza kulipwa mpaka mwaka 2023. Kati ya sheria na malipo kulikuwa na kanuni zilizosubiriwa na bajeti iliyosubiriwa, na muda wote huo waliotajwa ndani ya sheria walikuwa wakizeeka. Ndiyo sababu nawashauri muanze na wajibu mdogo usiohitaji kanuni ndefu, wenye gharama ya mafuta ya gari na kitambaa cha bendera.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Mtendaji wa umma asipotimiza wajibu, Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Kigoma na Tabora, inaweza kutoa amri ya kumlazimisha autimize, baada ya mwombaji kupata kwanza kibali cha kufungua maombi hayo. Masharti yake yalipangwa vizuri katika shauri la mwaka 1986 dhidi ya Mkuu wa Mkoa wa Kagera: mwombaji awe amedai wajibu utekelezwe na akakataliwa, wajibu uwe wa umma na umewekwa na Katiba au sheria, uwe wa amri na si wa hiari ya mtendaji, mwombaji awe na maslahi katika jambo hilo, na pasiwe na nafuu nyingine inayofaa. Kwa sheria ilivyo leo, kwa mgambo aliyerudi shambani ungeanguka kwenye sharti la wajibu, maana sijakuta kifungu cha sheria cha kumwonesha jaji. Hata siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, ambapo Rais huweka mkuki na ngao mnarani, haimo katika sikukuu za mapumziko, na yanayofanyika siku hiyo ni heshima kwa waliokufa kwa ujumla wao, si deni kwa mzee mmojammoja aliyeko Kasulu.

Sharti la kudai na kukataliwa nalo huwaangusha wengi, kwa kuwa watu wetu hudai kwa mdomo. Sheria ikishakuwepo, barua ipelekwe nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, jaji atakuuliza ni lini ulikataliwa, na hutakuwa na jibu.

Kabla ya Bunge, iko Halmashauri. Halmashauri ya wilaya ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa ridhaa ya Waziri, na inapanga bajeti yake yenyewe. Diwani wenu anaweza kupeleka pendekezo la rejista ya wapiganaji kwa kila kata, itunzwe na Mtendaji wa Kata na nakala iwe kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni mwanajeshi na tayari yuko wilayani. Halmashauri haiwezi kuliamuru jeshi, lakini rejista ikiwepo, siku Serikali itakapoleta muswada, swali la "ni nani" litakuwa limeshajibiwa upande wenu. Ianzeni sasa, wakati wapo watu wanaoweza kuthibitisha kwamba walilala handaki moja na fulani.

Lipo moja ambalo hukuliuliza. Sheria kwa kawaida hutazama mbele, kwa hiyo itakayopita mwakani haitamgusa baba yako ila iseme hivyo yenyewe. Sisitizeni masharti ya mpito: kwamba familia ya mpiganaji aliyekwisha kufariki inaweza kuomba jina lake liingizwe katika rejista na kukabidhiwa bendera. Ni sentensi moja tu, nayo ndiyo inayosahaulika.

Kama mnataka kitu cha kumkabidhi mbunge, hiki hapa, kiboresheni mpendavyo:

"(1) Itakuwa ni wajibu wa Mkuu wa Wilaya, baada ya kupata taarifa ya kifo cha mpiganaji kutoka kwa familia au kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kuhakikisha kwamba askari wasiopungua wawili waliovaa sare wanafika msibani na kuikabidhi Bendera ya Taifa kwa familia. (2) Endapo maziko yamefanyika kabla ya askari kufika, wajibu huo utatekelezwa kaburini au nyumbani kwa marehemu, katika tarehe itakayochaguliwa na familia ndani ya siku … tangu maziko. (3) Endapo wajibu huo haukutekelezwa, itakuwa ni wajibu wa Mkuu wa Wilaya kuieleza familia sababu zake kwa maandishi ndani ya siku 14."

Idadi ya siku katika fasili ya pili nimeiacha wazi kwa makusudi. Wanaosoma hitma ya arobaini watataka idadi moja, na wanaoanua matanga siku ya tatu watataka nyingine. Kaeni na wazee wa pande zote mbili mkubaliane, kisha mjaze.